Kofia Uliyomvua Mganga

Mtani wangu Kalunde,

Shikamoo. Ungekuwepo ungejibu, "Marahaba, Msagara wa mlimani, umeshuka lini?" Nami ningekuuliza, wewe Mnyamwezi, mizigo ya watu umeitua wapi. Basi tuseme tumeshaamkiana.

Mwalimu wetu wa darasa la watu wazima alisema barua inaanza na anwani ya anayepelekewa. Yako siijui, nimeacha nafasi. Nikimaliza nitakuja kukusomea hapo ulipolala, nyuma ya shamba la kijiji, na kama nitakosea neno usinicheke mbele ya watu.

Nimejifungua, Kalunde. Mtoto wa kike, mzima. Yuko hapa mapajani mwangu, ananyonya ngumi yake kama mtu aliyenyimwa chakula, na nimetoka kumnyonyesha sasa hivi.

Ulikufa mimba ikiwa na miezi minne, ndiyo maana nataka nikueleze yote. Lakini siwezi kumsema huyu bila kumsema Zainabu.

Zainabu wangu wewe ndiye uliyempakata siku ya mwisho. Alizaliwa kabla ya siku zake. Pua imeziba, anakoroma kama mzee. Viganja na nyayo vinabambuka ngozi kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Aliishi siku tisa tu. Watu wakasema wanavyosema. Wengine eti mimi na mume wangu Athumani tumembemenda mtoto, hatukuvumilia kulala mbalimbali. Mtoto wa siku tisa, Kalunde! Nami nikawa nahesabu kila nilichokula, kila njia niliyopita, nione wapi nilimkosea mwanangu.

Wewe hukuuliza nilikula nini. Uliniuliza, "Ile damu waliyokutoa kliniki, ilisema nini?"

Nikakwambia sijui. Nilipokuwa na mimba niliuliza mara mbili. Mara ya kwanza mganga wa zahanati yetu hapa Zombo akasema rudi wiki ijayo. Mara ya pili akasema kama kungekuwa na neno tungekuita. Nikaona nimewasumbua, nikanyamaza. Ukasema, "Hivi wewe Msagara, ukimtuma mtoto dukani akarudi mikono mitupu, humuulizi?"

Kesho yake asubuhi nilikufuata zahanati. Nilidhani utabisha hodi. Uliingia moja kwa moja, ukamvua mganga kofia yake ya kaki, ukaivaa wewe! Wanawake wote pale kwenye benchi wakaziba midomo. "Wewe Msagara, umekalia damu ya ndugu yako. Inuka tuitafute."

Ningekuwa mimi nimetamka hayo, angenifukuza na balozi wetu wa nyumba kumi angemwita Athumani. Lakini wewe ni Mnyamwezi, yeye ni Msagara, na mtani hakasirikiwi. Akacheka. "Mnyamwezi, nirudishie kofia yangu." Ukamwambia, "Nirudishie karatasi yetu." Benchi zima likacheka. Ndipo akavuta droo, ili kukuridhisha tu, na droo ikakwama kwa kujaa. Akaitingisha. Akaanza kutoa karatasi moja moja, akisoma majina kimoyomoyo, bado anacheka. Akafika kwenye yangu. Akaacha kucheka.

Kaswende. Karatasi ilirudi kutoka Kilosa wakati mimba yangu bado ina miezi mitatu mbele. Miezi mitatu, Kalunde. Ilikuwa sindano tu. Zainabu alikuwa tumboni anacheza, na dawa ilikuwa kabatini, na karatasi ilikuwa kwenye droo, vyote katika chumba kimoja kila nilipokwenda kupimwa.

Mganga alikaa chini. "Dada, nimekosa. Zilikuwa zinaletwa, naziweka, nasema nitazisoma kesho." Mimi sikumjibu. Na wewe hukumtania tena. Ulisema taratibu, "Na hizo nyingine ni za nani?" Ukaburuta kigoda, ukakaa mlangoni na kofia yake kichwani mpaka alipotuma watu kwenda kuwaita wenyewe.

Athumani naye, aliporudi kutoka kazini kwake relini! Unakumbuka? "Mimi siumwi, sindano ya nini?" Ukamwambia, "Kama hutaki sindano, kalale na hiyo reli yako huko huko Mikumi." Kesho yake alikuwa wa kwanza kwenye foleni, mimi nyuma yake. Alikaa upande wiki nzima, nawe kila ukipita unamkaribisha kiti.

Msiba wako niliufanya kama inavyompasa mtani, usije ukasema nilikuibia haki yako. Masika ile ilikubana kifua siku tatu, ya nne ukaondoka. Nilivaa gauni lako na kofia ya mganga, ambayo hukumrudishia, nikabeba jembe lako begani, nikapita katikati ya waombolezaji kwa zile hatua zako za kukanyaga kama unapima shamba. Nikawaambia wachimba kaburi, "Chimbeni pana, huyu ametembea kutoka Tabora, mmeiona hiyo miguu?" Watu walicheka na machozi yanawatoka. Kisha nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia mpaka nikapata kwikwi. Mganga alinikuta huko. Akasema polepole, "Dada, naomba kofia yangu." Nikamwambia, siku droo itakapokuwa tupu.

Baada yako niliogopa sana. Nilikuwa naweka punje ya mahindi kwenye kikombe kila mtoto akicheza tumboni, na jua likizama nazihesabu. Punje zikipungua natembea uani mpaka jirani anauliza nimepoteza nini. Mimba ilipofika miezi minane Athumani akaniita niende Mikumi, nikae karibu naye na karibu na kliniki ya kule. Nilipanda treni na kikombe changu. Njiani treni ikasimama, tembo wamejaa relini, wakubwa kwa wadogo, hawana haraka na mtu. Abiria wananung'unika, mimi nacheka peke yangu, maana nilikuona wazi unateremka kuwauliza kama hiyo reli wameijenga wao.

Mikumi nilimwambia nesi apime damu tena. Akasema, "Mama, kadi inaonyesha ulishatibiwa." Nikamwambia najua, nimeisoma, pima tena. Akapima. Akaniambia nirudi Jumanne. Jumatatu nilikuwa kwenye benchi, kofia kichwani. "Mama, leo siyo Jumanne." Nikasema najua, nimekuja kuishika nafasi. Aliguna, lakini Jumanne nilipofika karatasi ilikuwa mezani inanisubiri. Akataka kunisomea. Nikaomba nisome mwenyewe. Unakumbuka ulivyokuwa ukinifinya darasani nikisinzia? Kila kifinyo nilikirudishia shukrani siku ile. Nilisoma neno moja baada ya jingine. Salama. Nikasoma tena kuanzia chini.

Na bado sikuamini. Karatasi ni karatasi, mtoto ni mtoto.

Alizaliwa adhuhuri, jua kali, bati linalia juu yetu. Mkunga akasema, "Hongera, mtoto wa kike." Nikasema, "Nionyeshe viganja." Akasema, "Hukusikia? Wa kike!" Nikasema, "Nimesikia. Viganja." Mtoto alikuwa amekunja ngumi kama wewe unapotaka ugomvi. Mkunga akafungua kidole kimoja kimoja. Laini, Kalunde. Laini na vyekundu, vimelowa, na mistari yake yote mahali pake. Nikaomba nyayo. Nyayo pia. Nikamwekea sikio puani nisikilize, na yeye akanipigia chafya sikioni! Nilicheka mpaka mkunga akanikemea, "Mama tulia, hatujamaliza." Ningetuliaje?

Jina lake ni Kalunde. Ndugu wa Athumani wamelalamika, Msagara gani anaitwa Kinyamwezi? Athumani akawajibu kwamba jina hilo lilishamchoma sindano yeye, na asiyelitaka ajaribu kubishana nalo. Kwa hiyo sasa nina mtani ndani ya nyumba, na mambo yake ni yale yale yako. Anataka, anapiga kelele, anapewa.

Tumerudi Zombo wiki iliyopita. Jana nilimpeleka zahanati kupimwa uzito. Mganga alimpokea mikononi, na kabla ya kumweka kwenye mizani akamfungua viganja, kimoja, kisha cha pili. Sikumwambia afanye hivyo. Akavitazama muda mrefu. Kisha akanipeleka kwenye meza yake, akavuta droo kwa kidole kimoja, ikafunguka yenyewe. Tupu, imefutwa vumbi. Wanawake kwenye benchi wakanieleza kwamba karatasi zikifika kutoka Kilosa hazilali. Siku hiyo hiyo anapanda baiskeli, anampelekea kila mmoja nyumbani na kumsomea chemba. Wamemzoea mpaka wanamtania, wanamwita tarishi.

Alisimama pale akipapasa upara wake. Nikaona nimjibu lile neno lake la siku ile, "Nimekosa." Nikamwambia, "Kaka, nimesikia. Nimepokea." Machozi yalimtoka mbele ya benchi zima, na mimi pia, na mwanao Kalunde akamkojolea.

Zainabu harudi. Hilo nalijua kila nikimwogesha mdogo wake na kupitisha sabuni kwenye viganja. Lakini siku hizi nikimkumbuka sihesabu tena nilichokula.

Sasa mtani, nenda kalale. Huna mzigo begani, na njia ya kwenda Tabora haikuiti. Nakuahidi mambo mawili. Nikimwona mwanamke yeyote hapa kijijini anatoka kliniki mikono mitupu, nitarudi naye mlangoni mimi mwenyewe, hata kama naogopa. Na kofia nitairudisha kliniki ijayo, imefuliwa na kupigwa pasi, maana droo ni tupu na mimi nilitoa neno. Nimeshamwambia mganga aivae vizuri, asiiweke mbali, huenda mtu akaihitaji tena. Huyu wangu nitamfundisha kusoma kwanza, halafu nitamwonyesha ulivyoivua.

Ni mimi mtani wako,
Mwanahawa, Mama Zainabu na Kalunde