Diski ya Mgeni

Mpwa wangu mpendwa,

Kabla hujafika mstari wa pili, vuta kiti ukae, maana anayekuandikia si mtu wa kusomwa wima. Mtaani kwetu hapa hakuna feni inayozunguka, pasi inayopata moto wala redio inayotoa sauti ambayo haikupita mikononi mwangu au, ikishindikana kabisa, haikupata ushauri wangu. Wananiita Injinia. Cheti sina, wala sikitafuti: wenye vyeti ndio wanaokuja kuniuliza. Redio ya mkubwa mmoja wa polisi niliitengeneza huku ikiendelea kusoma taarifa ya habari, na msomaji hakukatika hata neno.

Nakusalimu sana. Hujambo wewe na wanao? Na mgongo unaendeleaje, kwa kule kuinama juu ya cherehani kutwa? Mwambie baba watoto akutafutie kiti cha maana. Kile kigoda chako ni cha kukamulia ng'ombe, si cha fundi nguo mwenye wateja. Sisi huku wazima. Mke wangu anakusalimu, ingawa kwa wiki mbili hizi ananisemesha kwa kupitia ukuta. Anauambia ukuta kwamba chai iko tayari, nami nasikia, naenda kunywa. Sababu utaikuta humu humu.

Barua hii nimeiweka ndani ya boksi, juu kabisa ya kompyuta yako, uisome kabla hujachomeka waya wowote. Ningeweza kupiga simu, lakini kuna maneno yananikwama kooni nikiyasema, na kwenye karatasi hayana pa kukwama.

Kwanza nikukumbushe ulichoniambia, usije ukasema nilielewa vibaya. Ulisema kompyuta ya kazini kwako imezeeka, kwamba ukiiwasha asubuhi unaweza kufagia chumba kizima na kupiga pasi magauni mawili ndipo ionyeshe uso. Ukasema mfumo wa zamani unaoiendesha umeshatelekezwa na waliouunda, kila siku unatoa tangazo kwamba mashine imepitwa na wakati, na mfumo mpya haupokei. Mashine ya miaka kumi na miwili! Mimi nina hamsini na tatu, mbona hakuna anayenibandikia tangazo usoni? Nilichukia kwa niaba yake.

Ukasema pia kwamba ndani yake mna vipimo vya wateja wako wote wa miaka minane, na zaidi ya hao, vipimo vya watoto mia na themanini wa ile shule, uliowapima siku mbili mfululizo umepiga magoti. Daftari la vipimo hivyo limeloweshwa na paa linalovuja mpaka wino umekuwa uji. Sare zinatakiwa shule ikifunguliwa. Kisha ukasema, mjomba, vikipotea hivyo vipimo nimekwisha, siwezi kurudi kwa mwalimu mkuu nimwambie awapange watoto upya, atamwita fundi mwingine na atakuwa na haki. Nami nikakujibu ulale usingizi, mjomba wako yupo.

Sasa nianze na uchafu, maana bado ninao puani.

Dereva wa lori aliponishushia mzigo, nilianza kwa kuupitisha kwa yule fundi simu mwenye kitambi pale kona, anayejiita Daktari. Sikwenda kuomba msaada, nilikwenda kumpima tu. Alikuwa anakula karanga. Aliisogeza kompyuta yako kwa ncha ya kandambili, maganda yakiidondokea, akasema hilo ni pipa la taka lenye waya, nikalitupe kabla halijajaa funza. Mpwa wangu, mtu anayegusa mali ya mwenzake kwa mguu ananitia kinyaa kuliko jipu. Nilibeba mzigo wangu nikaondoka bila kuaga. Ila naomba radhi kusema, kuhusu funza alikuwa amekaribia.

Niliifungulia kwenye meza ya kulia chakula. Hilo ni kosa la kwanza. Nilipotoa ubavu wa kasha nikakuta feni imevaa koti. Nyuzi za kila rangi uliyowahi kushona, vumbi la chaki yako na mafuta ya cherehani, vyote vimeshikana vikawa kitu kama panya aliyelowa. Nilikivuta kikaja kizima, na mkia. Chini yake mende. Sisemi mende mmoja, nasema ukoo: mababu waliokauka, wajukuu walio hai, na mayai yamepangwa pembeni mwa memori kama punje za dengu. Harufu yake sijui nikuelezee vipi. Fikiria soksi ya mgonjwa iliyochemshwa na mkojo wa mjusi. Mende mmoja mnene akatoka bila haraka, kama mwenye nyumba anayekuja kuuliza nani anabisha hodi, akapita juu ya mkate. Mke wangu alikuwa ameshatia kipande cha mkate huo mdomoni. Siku hiyo ndipo alipoanza kuongea na ukuta.

Sikuishia hapo. Niligeuza kibodi, nikaipiga mgongoni kama mtoto aliyepaliwa, ikatapika makombo, pini nane, kifungo cha shati, vipande vya kucha na nywele ambazo sikutaka kujua za nani. Chai ya sukari ilikuwa imeganda chini ya herufi A. Nakupenda mwanangu, lakini jamani! Unashona nguo za maharusi hapo! Nilisugua siku mbili kwa spiriti, brashi ya rangi na mswaki, ambao mke wangu ameambiwa kuwa ni wangu. Kila nikila bado nilikuwa nasikia miguu ya mende ikitembea kwenye ulimi. Nimepungua, hata suruali yangu utalazimika kuipunguza.

Baada ya hapo ndipo nikashika ile bahasha yako yenye flashi na karatasi ya maelekezo ya mteja wako, mwalimu wa kompyuta. Hatua saba, mwandiko wa kike uliosimama wima kama gwaride. Mama huyo ameeleza kwamba mfumo ulio kwenye flashi umetengenezwa na watu wa dunia nzima, kila mmoja akichangia kipande chake, kisha wakaugawa bure, na mtu yeyote ameruhusiwa kuufungua na kuurekebisha. Nilitafuta mtego uko wapi, sikuuona. Akaandika kwamba mfumo huo hauna dharau kwa mashine kuukuu. Hapo nikampenda kidogo. Lakini hatua ya tatu aliipigia mistari miwili: kabla ya kitu chochote, nakili vipimo mahali pengine.

Mistari miwili! Kwangu mimi! Niliona ni hatua ya watu wanaotetemeka mikono. Halafu flashi ilikuwa hiyo moja, imeshajaa mfumo, na kwenda kununua nyingine ni lazima upite pale kona, Daktari akuulize mbele za watu, Injinia, pipa limekushinda?

Basi uliponipigia simu siku ile ukaniuliza kama nimeshanakili vipimo, nikakujibu kwamba nimevinakili mara tatu, na nakala ya tatu iko kabatini chini ya mashuka. Ukacheka, ukanishukuru, ukasema leo utalala. Mpwa wangu, kabatini mlikuwa na mashuka tu.

Jumamosi asubuhi nikaingia kazini. Kompyuta yako ni ya zamani kiasi kwamba haijui kuwaka kwa mfumo ulio kwenye flashi. Nilijaribu mara kumi na moja, nikaitukana kwa adabu, ikakataa. Nikapata wazo ambalo hata yule mwalimu hakuliandika. Nikaichomoa diski yako, ile yenye vipimo vyote, nikaitia ndani ya kompyuta yangu, pembeni ya diski yangu. Ya kwangu inakubali flashi. Nia yangu ilikuwa mfumo mpya uingie kwenye diski yako, kisha niirudishe kwenye kasha lake. Vipimo nilijiambia nitavihamishia kwangu kwanza, ni kazi ya dakika tano. Lakini mfumo ukawaka kwa rangi nzuri, ukaanza kuuliza maswali, na mimi nikiulizwa swali siwezi kunyamaza.

Maswali yenyewe ni ya Kiingereza, nami Kiingereza changu kiliishia pale shule yangu ilipoishia. Neno la kufuta nalijua, liliandikwa kwenye vifutio vyetu vya darasani. Mashine ikauliza ifute diski ipi, ikaziorodhesha mbili, moja juu na moja chini, ukubwa sawasawa, majina ya herufi tatu tatu yasiyo na maana. Nikazitazama. Nikawaza kwamba diski yako ni mgeni humu ndani, na mgeni ndiye anayepakuliwa kwanza. Hata mashine, nikasema, itakuwa imelelewa. Nikachagua ya juu. Ikauliza kama nina hakika. Nikamwita mke wangu aje aone mume wake anavyobonyeza.

Kumbe mashine haina adabu hiyo. Inaanza na mwenye nyumba.

Mstari ulijaa taratibu, kazi ikaisha, ikawaka upya kabla chai haijapoa. Nikaanza kumzungusha mke wangu humo ndani. Nikafungua ile diski ya pili, niliyoamini ni yangu, nimwonyeshe kitabu changu, kile cha historia ya maisha yangu ninachokiandika huu mwaka wa tisa, ambacho ukoo mzima na mtaa mzima wanakijua. Nikakuta faili limeandikwa VIPIMO SHULE. Kifua, kiuno, urefu wa mkono, mtoto baada ya mtoto. Mke wangu akauliza, safari hii bila ukuta, kama hivyo ni vyangu au ni vyako wewe. Nikasema ni vyako. Akauliza vyangu viko wapi. Nikakaa sakafuni, palepale nilipokuwa nimekung'utia mayai ya mende.

Kile kinyaa cha mende nilikisugua kikatoka. Kinyaa nilichojionea mwenyewe siku ile hakina spiriti. Kama mkono wangu ungefanya nilichokusudia, vipimo vyako vingekuwa hewa, na ungekuwa unamlilia mwalimu mkuu huku ukiamini kuna nakala chini ya mashuka yangu. Si ufundi wangu uliokuokoa. Nilikosea, basi. Nimekudanganya, mwanangu, na nimecheza na riziki yako ili nisiulizwe swali na mla karanga. Nisamehe.

Jumatatu nilipita pale kona mchana kweupe, nikanunua flashi, na alipouliza nikamjibu kwamba nimefuta diski yangu mwenyewe. Nilingoja acheke. Mtu yule akaacha karanga, akasema pole sana Injinia, kitabu cha miaka tisa! Habari ikasambaa, watu wakaja kunipa pole hadi mlangoni, nami nikazipokea.

Sasa sikiliza vizuri. Diski iliyomo ndani ya kompyuta yako ni yangu, ndiyo yenye mfumo mpya, na vipimo vyote nimevinakilia humo. Diski yako ya zamani, yaliyomo sijayagusa hata kwa pumzi, iko kwenye kitambaa cheupe chini ya kibodi. Nakala nyingine iko kwenye flashi mpya, ndani ya bahasha hii. Hizo ni tatu, zihesabu mwenyewe. Nimehakiki watoto mia na themanini mmoja mmoja, mke wangu akinisomea, na tumepata kasichana kamoja ulikokaandikia kiuno kikubwa kuliko urefu wake. Kapime tena. Mpe salamu yule mwalimu, mwambie hatua ya tatu aipigie mistari mitatu. Na tafadhali, chai inywewe mbali na kibodi.

Wasalimie wanao, msalimie baba watoto, na mgongo wako uupumzishe.

Nilikuwa nimeshaikunja barua, nimeikunjua tena, kwa sababu najua utapiga simu ukilia kwamba mjomba amepoteza kitabu chake kwa ajili yako. Usinipe pole. Za mtaani zimeshanitosha, kila mmoja aliyenishika mkono nilitamani kwenda kunawa. Mke wangu peke yake hakunipa, maana yeye ndiye anayepangusa kioo cha kompyuta yangu na anajua kilichokuwamo. Kitabu kilikuwa na kichwa cha habari kwa herufi kubwa, chini yake jina langu kwa herufi kubwa zaidi, na chini ya hapo, kwa miaka tisa, neno moja tu: Nilizaliwa.

Ni mimi, mjomba wako.