Masharubu ya Grafu

Kaka,

Shikamoo. Natumai goti lako limeacha ukorofi, na shemeji amekusamehe lile suala la rangi ya mlango. Mimi mzima, ila tumbo linanitangulia kuingia maabara, na vijana wameshaligundua.

Najua umekasirika. Umesikia kwamba mwanao amesimamishwa utafiti kwa kupika namba, na tangu arudi nyumbani hujamsemesha. Tafadhali, isome barua hii mpaka mwisho.

Kazi yake ilikuwa kuonyesha kama mbolea fulani inarefusha miche ya maharage. Miche thelathini yenye mbolea, thelathini isiyo nayo. Mimi, baba yake mdogo, mtu wa rula, nilipima na kuandika daftarini. Yeye akachora grafu. Juu ya kila nguzo ya grafu husimama kistari kinachoonyesha vipimo vinayumba kiasi gani. Sisi tunaviita masharubu. Masharubu ya nguzo mbili yakiwa marefu hadi yakagusana, huwezi kuapa kwamba mbolea imefanya kazi. Huenda ni bahati tu. Yakiwa mafupi na yameachana mbali, watu hupeana mikono.

Ya mwanao yalikuwa mafupi kama ya kijana anayeanza kubalehe. Mkuu wa maabara akafurahi. Mimi nikashtuka. Kaka, nimepima miche miaka ishirini na miwili, na haijawahi kukubaliana hivyo. Nikaanza kumchunguza. Nikipita, anafunika karatasi. Nikiingia, anafunga kompyuta. Siku moja nilimkuta nyuma ya banda la miche akihesabu vikopo vitupu. Nikamuuliza anatafuta nini, akasema hakuna kitu, baba mdogo, akacheka kicheko kikavu. Nikasema moyoni, huyu ana jambo. Hata chai aliyoniletea siku ile niliinusa kwanza.

Nikaenda kwa mkuu, kifua mbele. Mwanao akaitwa, akaulizwa namba kazitoa wapi. Nilikuwa nimeshajiandaa kulitetea daftari langu. Alinitazama kidogo tu, akasema grafu ni yake na lawama ni zake. Basi, wakamwambia afungashe.

Mkuu akaniagiza nirudie jaribio. Safari hii nilipima miche yote sitini, na masharubu yakatoka marefu, yakagusana. Nikadhani rula ina kasoro. Ili nihakikishe, nikapima mche mmoja mara kumi. Vipimo vikafanana kama mapacha. Hapo nikaiweka rula chini, maana nilikumbuka.

Sasa nikuambie, na usiniite lile jina la utotoni. Mara ya kwanza, mwanao alipokuwa kwenye mitihani, nilisahau kufungua maji wiki nzima. Ilipona miche mitatu kila upande. Niliona aibu. Nikapima kila mmoja mara kumi, nikaandika thelathini, nikatupa vikopo vya miche iliyokufa nyuma ya banda na kujisahaulisha. Niliamini namba ni namba. Kumbe mche haubishani na nafsi yake. Kompyuta ikadhani miche thelathini imekubaliana, ikayanyoa masharubu. Aliyepika ni mimi, Kaka, na aliyekwenda kushtaki ni mimi.

Jana nilikusanya vitu vya mwanao ili nivitume. Kwenye droo nikakuta grafu nyingine aliyoichora, ya miche mitatu mitatu, masharubu yamegusana kabisa. Tarehe yake ni siku moja kabla sijaenda kwa mkuu. Chini ameandika kwa penseli kwamba amuulize baba mdogo kwanza, wakiwa wawili tu.

Asubuhi hii nimemwambia mkuu yote. Amemwandikia mwanao arudi kazini. Anayefungasha sasa ni mimi, na sina la kulalamika. Nakuomba jambo moja tu. Ukimaliza kusoma, mpe barua hii aisome mwenyewe, maana nimejaribu kumwandikia yeye mara nne, na kila mara nakwama kwenye salamu.

Mfikishie shemeji heshima zangu, na goti lako liendelee kutulia.

Ni mimi mdogo wako,
mwenye haya.