Dimbwi la Mbuzi Mwitu

Ijumaa, Nizwa. Joto la leo halina huruma. Kiyoyozi kinanguruma tangu asubuhi, na mimi bado nafuka kwa ndani.

Nimetoka Al Hamra, kwa Ami Nassor, ami yake mume wangu. Nilikwenda kuomba kitu kimoja tu, nimerudi sikukiomba.

Juu ya shamba lake, kwenye magenge, pana dimbwi dogo lisilokauka hata kiangazi. Hapo ndipo anapokunywa mbuzi mwitu wa milima hii, Waarabu wanamwita wa'al. Duniani hapatikani pengine ila milima yetu hii na kipande chake cha Imarati. Chini wamemfukuza kwa barabara na majumba, na huko juu mbuzi wa kufugwa wanamaliza majani. Kamera niliyoifunga kwenye mti inamnasa jike mmoja na mtoto wake. Wanakuja kunywa roho juu, masikio yamesimama.

Sasa Ami amejenga vyumba vya watalii, na ameshatandaza mpira wa kuvuta maji kutoka dimbwi lile. Pampu ikianza, halibaki hata tone la kulamba.

Hawa wawili watakufa kwa kiu, na mimi nawajua kwa sura.

Nafundisha bayolojia. Wanafunzi wangu wanamjua koala, mnyama wa nchi za mbali, wanajua miti yake inakatwa na kuungua, na wengine walimlilia darasani. Nilipowaonyesha picha ya wa'al, wakaniuliza ni mbuzi wa nani. Nikacheka nao. Nilipofika kwenye gari nikalia.

Basi leo nilijipanga. Kwa watu wa milima hii, mgeni mwenye haja haigusi kahawa yake. Anaiweka chini, na mwenyeji hana budi kumuuliza anataka nini, tena ni aibu kumnyima. Njia nzima mume wangu ananikumbusha, usinywe, usinywe. Nami namjibu kwani mimi mtoto?

Tukaletewa halwa na tende. Ami akanimiminia kahawa kwa mkono wake, akaanza kuniuliza hali ya mama yangu, anavyoumwa miguu, kama bado anapika mkate wa kumimina kama wa Unguja. Ninavyompenda mzee huyu! Nikamjibu, nikacheka, nikanywa. Halafu mkono wenyewe ukaitikisa finjani, kama mtu aliyetosheka, hana analotaka.

Mume wangu akaangalia mazulia.

Nikajaribu hivyo hivyo. Nikasema, "Ami, yale maji ya juu..." Hakuningoja nimalize. Uso ukamng'ara.

"Ndiyo, mwanangu! Kesho twayafungua, inshallah. Na weye ndiye utayefungua. Bismillahi yako, si ya mtu mwengine. Weye ndiye uliyeupenda mlima huu kabla ya sisi sote."

Alidhani nimemwendea kwa furaha. Nikashukuru. Ndiyo, nilishukuru!

Siwezi kumchukia. Anatafuta rizki ya wajukuu zake, na kwake yule jike ni mnyama tu, Mungu atamruzuku pengine. Pengine wapi? Nimeipanda milima ile mpaka viatu vikatoboka, na maji mengine karibu na hapo sijayaona.

Kesho jamaa wote watakuwepo, na wageni, na mashekhe. Nikikataa mbele yao nimemvunjia heshima mzee aliyenipokea kama binti yake tangu siku ya harusi. Huenda asinisemeshe tena. Mume wangu anasema nijitie homa, tusiende kabisa. Nimeifikiria sana hiyo homa.

Hapana. Nitakwenda, na nitasimama pale kwenye pampu. Nitamwambia kwa heshima zote, watu wakisikia, kwamba mkono wangu hautafungua, na nitamwambia kwa nini.

Sina tamaa kwamba atanisikiliza. Pampu ni yake, atafungua mwenyewe. Lakini atafungua akijua nani anakunywa pale.