Swali la Kwanza Kwenye Tovuti Yetu

Jumatatu, 10 Machi. Nyamiaga

Kosa la wengi ni kumuuliza mtoto anataka kuwa nani kabla ya kumwonyesha kuna nini. Atajibu daktari, mwalimu, mwanajeshi. Hao ndio aliowaona. Hajamwona mpima ardhi, wala mkalimani, wala mtu anayechunguza maji ya kisima. Basi anachagua tahasusi ileile aliyochagua kaka yake: Historia, Jiografia na Kiingereza. Nililiona hili miaka yote niliyofundisha. Nimestaafu, bado naliona.

Ndiyo maana ya tovuti hii. Aliyemaliza kidato cha nne anaweka masomo aliyofaulu. Tovuti inamwonyesha kila tahasusi anayoweza kuisoma kidato cha tano, hata zile ambazo shuleni kwake hazijawahi kutajwa, na kazi zinazofuata. Akiridhika, anaingia kwenye mfumo wa serikali na kubadilisha chaguo lake mwenyewe. Dirisha linafungwa mwisho wa mwezi. Mimi naandika maneno. Edina, binti wa kaka yangu, mwalimu wa kompyuta kule Biharamulo, anajenga.

Swali la kwanza nimeliandika leo: Nyumbani mnazungumza lugha gani? Nimelipenda. Mtoto wa huku Ngara, mpakani na Burundi, anaanza shule akiwa na lugha mbili kichwani na hajui kwamba hicho ni kipaji. Nataka alijue hilo kabla ya jambo lingine.

Chai bila sukari. Kwaresima. Mbaya kabisa.

Jumatano, 12 Machi

Kila sentensi ninayoandika namfikiria Godeliva, mtoto wangu wa ubatizo kule Mbuba. Amefaulu vizuri. Kifaransa ndiyo alama yake ya juu. Haishangazi. Bibi yake alikimbia Burundi akiwa msichana aliyesomeshwa na masista, akamfundisha mjukuu jikoni, wakimenya ndizi. Lakini alichojaza ni Historia, Jiografia na Kiingereza, kwa sababu darasa zima limejaza hivyo.

Sijamwambia neno. Akiambiwa na mama yake wa ubatizo atatii. Sitaki atii. Nataka aone.

Jumamosi, 15 Machi

Tumefungua kwa majaribio. Walimu wa shule chache wamewapa vijana anwani. Jioni Edina kapiga simu, anacheka.

“Shangazi, hongera! Ngara yote imehamia Tanga.”

Waliojibu swali la kwanza wameandika kitu kimoja wote: Kiswahili. Hata wa Mbuba! Mahali ambapo hata mbuzi wanafukuzwa kwa Kihangaza au Kirundi. Na wengi hawakujibu. Walifika kwenye swali hilo wakafunga, hawakurudi.

Edina analaumu mtandao. Mtandao naujua. Unakatika popote, hauchagui swali.

Nimemtumia ujumbe Godeliva kumuuliza kama amefungua. Kajibu: “Shikamoo mama. Nilifungua. Nimeamua kubaki na nilichojaza. Asante.” Sikuipenda hiyo asante. Ilikuwa kama mlango unaofungwa.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya misa nimekwenda Mbuba kwa bodaboda. Tope hadi magotini. Nimemkuta bibi yake Godeliva mkekani, anapukuchua maharage. Baba yake Godeliva alisimama, akanisalimu vizuri, kisha akachukua jembe akaenda shambani. Jumapili. Mtu ambaye hakosi misa. Nikajua nimekosea jambo.

Bibi hakunizungusha.

“Mwalimu, lile swali lako nalifahamu. Nimeulizwa na watu wengi. Wewe umekosa kofia tu.”

“Kofia gani, dada?”

“Ya Uhamiaji.”

Akacheka mpaka maharage yakamwagika. Mimi sikuweza.

Akanieleza, tena kwa Kirundi, nami nikijibu kwa Kihangaza, maana lugha hizi zinaelewana kama mtu na mdogo wake. Huku swali la lugha ya nyumbani haliulizwi kwa mazungumzo. Linaulizwa kwenye kizuizi cha barabarani, au ofisini, kabla hujapewa karatasi au kunyimwa. Wao ni raia, wana hati tangu zamani. Hata hivyo mwanawe, baba yake Godeliva, aliwahi kushushwa kwenye basi kwa ajili ya lafudhi yake. Alikaa kando ya barabara kutwa nzima, wenzake wakaendelea na safari. Tangu siku hiyo ni sheria ya nyumba: Kirundi na Kifaransa vinaishia mlangoni.

Mimi ni Mhangaza, mwenyeji wa hapa tangu mababu. Swali hilo kwangu ni kama kuulizwa habari za mvua. Sikuwahi kufikiri kwamba kwa jirani yangu ni kitu kingine. Naona aibu, na aibu hii naistahili.

Godeliva hakutoka jikoni mpaka nilipoaga. Shikamoo. Marahaba. Hakuniangalia usoni.

Jumatatu, 17 Machi

Edina alitaka tulipeleke swali mwishoni. Nimekataa. Hata mwishoni ni swali lilelile.

“Sasa tutajuaje wanazungumza nini?”

Hatutajua. Tutakaa bila kujua. Edina kalifuta.

Mahali pake nikaandika: Hapa hatuulizi unatoka wapi. Nilijiona mwerevu. Edina akasoma kwa sauti, taratibu, kama askari wa kizuizini. “Shangazi, ukimwambia mtu humuulizi anatoka wapi, tayari umeshamuuliza.” Kweli. Nalo limefutwa. Sasa ukurasa wa kwanza una masomo tu, yote kwa pamoja, Kifaransa katikati ya Kilimo na Fizikia, kama somo lingine lolote.

Alhamisi, 20 Machi

Vijana wanaingia na wanafika mwisho. Mmoja wa Lusahunga ameandika kwenye sehemu ya maoni kwamba hakujua Kilimo kinasomwa mpaka chuo kikuu. Baba yake anauza vitunguu kwa madereva wa malori. Nimefurahi.

Godeliva kimya. Nimempigia bibi yake, nikamwambia swali limetoka. Kasema sawa. Basi. Nataka kumpigia mtoto mwenyewe. Sipigi. Nikimsukuma, nitakuwa mtu mwingine anayemwamulia. Akiliacha dirisha lifungwe, atasoma miaka miwili asichokipenda. Naogopa vyote viwili.

Jumanne, 25 Machi

Wamekuja! Godeliva na bibi yake, pikipiki moja, bibi katikati ameshikilia kitambaa kichwani. Nilisahau hata kuwakaribisha.

Tulikaa mezani. Godeliva aliweka masomo yake kwenye simu yangu. Orodha ikatokea ndefu. Bibi akaomba miwani yangu. Akasoma polepole: Historia, Jiografia na Kifaransa. Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Akaligusa neno kwa kidole, ukurasa ukaruka, akadhani ameharibu. “Jamani, nimeifuta serikali!” Tulicheka sana. Ilibidi tuanze upya.

Godeliva akasema chini chini, “Baba anasema watu watajua.”

“Watu gani? Hao wanaonunua maharage yangu? Wananiita Bibi wa Burundi tangu baba yako hajazaliwa. Na bado wanaomba nyongeza.”

Kisha mtoto akanigeukia. “Mama, wewe unasemaje?”

Nilikuwa na jibu. Limenikaa kifuani wiki mbili. Nikamweleza kila tahasusi inampeleka wapi, ukalimani, ualimu, sheria, mpaka na ile aliyojaza mwanzo, kwa haki, bila kuipunguzia. Halafu nikanyamaza. Sijawahi kufanya kazi ngumu kama kunyamaza kule.

Alifikiri. Bibi alimenya chungwa. Mwisho Godeliva akaingia kwenye mfumo wa serikali akachagua Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Akasema neno moja kwa bibi yake, kwa Kifaransa, nyumbani kwangu, mlango ukiwa wazi.

Nilikwenda jikoni nikasimama kidogo.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua tangu alfajiri, sasa imekata. Kuku wametoka.

Edina anasema kazi inaendelea vizuri. Godeliva amepiga simu. Baba yake ameambiwa. Hakukataa. Hakukubali pia. Alikula kidogo, akalala mapema, na jana kapalilia kutwa bila kuongea na mtu.

Namwelewa. Haogopi Kifaransa. Anamwona binti yake peke yake kwenye basi, shule iko mbali, kizuizi kiko njiani. Hofu hiyo ni ya kweli, na hakuna ukurasa ninaoweza kumwandikia ikaondoka. Hata sina cha kumweleza, mimi ninayependa kueleza.

Barabara itakuwa imekauka kufikia saa nne.

Basi mwalimu, leo nenda Mbuba, mfuate shambani, ukapalilie naye.