Siku Tuliyosusia Pilau

Jumapili, 2 Novemba

Nimefungua chumba namba tisa saa moja na nusu. Kiyoyozi, mkeka, birika. Kama kila Jumapili. Neema kanitangulia, kasimama mlangoni na ufagio wake. Mtoto wa mwaka wa kwanza, wa Tabora, mama yake mpishi katika nyumba ya watu hapa Maskati. Anafagia, anaosha vyombo, hasemi kitu.

Chuoni wanakiita chumba cha Waafrika. Tumo wa kila namna: sie wajukuu wa Unguja, Watanzania, Wakenya, na Idris Msudani aliyejifunza Kiswahili kwa ajili ya chapati. Humu tunasukana, tunakula, tunacheka tutakavyo. Nje ya mlango huu kila mtu ananiuliza natoka wapi. Natoka Darsait, hapa hapa Maskati. Wananitazama weusi wangu, wanasubiri niendelee.

Saa nne kaja Bi Thuraya, msimamizi wa wanafunzi, na mafundi wawili. Wamepima ukuta. Hata salamu hakutoa.

Jumatatu, 3 Novemba

Barua. Chumba kinakuwa stoo ya viti. Tuhame kabla mwezi haujaisha. Na mwisho wa barua hiyo hiyo: tusisahau Siku ya Tamaduni, Jumatano ijayo, pilau na ngoma "kama kawaida yenu".

Kawaida yetu! Viti vipate chumba, sie tupige ngoma.

Nimekwenda ofisini kwa Bi Thuraya. Kanijibu huku anaandika, macho hakuyainua: chuo chote chenu, chumba cha nini? Namchukia. Naliandika hili nisije nikalisahau. Namchukia, na atanitambua.

Jumanne, 4 Novemba

Nimemwambia bibi. Alikuwa anachambua mchele, hana subira na watu wanaolia.

"Sasa machozi ya nini? Msusieni shughuli yake!"

Kanihadithia jirani yao Unguja aliyemtukana mama mzazi wa bibi. Yule mwanamke akaozesha binti. Mtaa mzima ukavaa, ukajitia manukato, ukaenda, ukakaa. Hakuna aliyenyoosha mkono. Masinia yakarudi jikoni yamejaa. Mpaka leo ukoo ule haujasahau.

Kanipa na masharti. Neno linapelekwa kwa mdomo, mtu kwa mtu, uso kwa uso. Hakuna kuandika, hakuna simu. "Na usimruke mtu, nnakwambia. Utakayemruka ndiye atakayekupikia aibu."

Ijumaa, 7 Novemba

Siku tatu nazunguka. Matrah nyuma ya soko, kwa wale ndugu wawili wapiga ngoma. Ruwi kwa Wakenya. Idris nimemkamata maktaba. Kila mmoja kaniapia. Miguu inaniuma na nina raha isiyo kifani. Nafumba macho namuona Bi Thuraya na meza tupu mbele ya wageni wake.

Jumapili, 9 Novemba

Leo Bi Thuraya kaja chumbani anacheka. Ngoma tayari? Nimemwambia inshallah. Kabla hajatoka kamwambia Neema pilau iwe nyingi, anakuja mwenyekiti wa bodi. Neema kaitikia kwa kichwa, kama anavyoitikia kila kitu. Sikujali. Nilikuwa nauma midomo nisicheke.

Jumatano, 12 Novemba



Tulikwenda wote. Tumevaa, tumejifukiza udi, tumekaa safu ya mbele mikono mapajani. Meza yetu tupu. Ngoma hakuna. Bi Thuraya kapita mara nne, jasho linamtoka ndani ya kiyoyozi. Mwenyekiti wa bodi kaingia. Nikasema moyoni, haya, kula ulichopika.

Mlango ukafunguliwa. Neema! Na sufuria la pilau analiburura kwa toroli la usafi, kajifunga kanga, kachoka hoi. Kapika peke yake. Kasimama peke yake akapakua, watu wakapanga foleni. Bi Thuraya akashusha pumzi.

Nilitaka kumnyang'anya upawa nimpige nao. Mwenyekiti kazungumza naye muda mrefu. Sikusikia, wala sikutaka kusikia. Nimetoka na wenzangu nimewaambia: kuanzia leo Neema hana mtu hapa.

Alhamisi, 13 Novemba

Neema kaja saa ya chakula. "Dada Rukia, habari za leo?" Kimya. Kawasalimia wengine. Kimya. Nimeivuta sahani yangu, wote wakavuta zao. Kauegemeza ufagio nyuma ya mlango, katoka.

Nimefurahi. Nisijidanganye hapa. Nimefurahi sana.

Jumapili, 16 Novemba

Barua nyingine. Chumba namba tisa kinabaki chetu. Amri ya mwenyekiti wa bodi, "baada ya mazungumzo na mwanafunzi wa meza ya pilau". Bi Thuraya kaileta mwenyewe, uso umemshuka. Wiki mbili nimeungoja uso ule.

Watu wakapiga vigelegele. Idris hakupiga. Yeye siku ile ya pilau alikuwa karibu na meza, akasikia; Alhamisi hakuwepo. Mwenyekiti alimuuliza Neema mbona yuko peke yake. Neema kamjibu: "Wenzangu sijui wana nini, hakuna aliyeniambia. Labda wamekasirika. Chumba chetu kinachukuliwa, na mimi sina pengine pa kula."

Idris akanigeukia. "Wewe ulimwambia lini?"

Nikahesabu kwa vidole. Matrah, Ruwi, maktaba. Hosteli kwa Neema sikupanda. Kila asubuhi ya wiki ile nilimkuta mlangoni, na sikumwambia. Si kwamba nilimficha, maskini. Hata hakunipitia akilini. Bi Thuraya hakuniinulia macho siku moja nikataka kumla mzima. Mie Neema sijamuinulia tangu Septemba.

Bibi nimemueleza. Karudi kwenye mchele wake.

Jumatatu, 17 Novemba

Uliyemkosea unamfuata na sahani moja, mnakula pamoja. Ndivyo alivyonifundisha bibi tangu mdogo. Nimepika wali wa nazi na samaki wa kukaanga.

Neema anakula kwenye ngazi za nyuma ya maabara. Nimekaa ngazi ya chini yake. Nimeiweka sahani katikati. Nimemwambia kila kitu, hata ile furaha ya Alhamisi. Nimemwomba radhi.

"Nimekusikia, dada."

Sauti ya kawaida tu, ya upole. Ana kikopo chake cha maharage na chapati nusu. Akakihamishia goti la pili, akaendelea kula. Mkono kwenye sahani yangu hakuutia. Nami sikula. Tumekaa hivyo mpaka wali ukapoa.

Saa saba kainuka, kajipangusa sketi, kaenda darasani. Nimerudi chumbani na sahani imejaa. Ufagio ulikuwa pale pale alipouacha, nyuma ya mlango. Nimefagia mwenyewe.