Feni ya Chumbani kwa Kitinda

4 Februari

Kitinda wangu,

Salamu nyingi kutoka kwa mama yako. Hujambo huko? Kifua kimepoa, au bado unaingia kwenye hivyo vyumba vyenu vya kugandishia nyama bila kofia? Ufundi wa baridi umeutaka mwenyewe, lakini kifua nilikizaa mimi. Huku sijambo, ila mgongo unanikumbusha umri kila asubuhi. Wateja wa kuchapiwa wanakuja kama kawaida. Jana nimechapa barua tatu za kuomba kazi na moja ya kuacha kazi.

Kilichonifanya niandike ni kompyuta yako. Feni yake ya ndani imekuwa na kelele za kinu cha kusagia. Nikiiwasha tu, jirani yetu Fundi Saa ananiuliza kutoka ng'ambo ya ukuta kama unga uko tayari. Kuchapa nachapa, maana masikio yangu yamekulia kwenye taipureta. Shida ni Jumapili tunapoongea. Nakuona mdomo unacheza kwenye kioo, nami naokota neno moja moja kama mtu anayechambua mchele. Juzi nimelisikia neno mkataba, kinu kikanguruma, kisha nikakuona unangoja jibu. Nikacheka tu. Ulisema nini kuhusu mkataba? Si unaisha Juni?

Mimi na wewe tumekuwa watu wa kupigiana makelele. "Umekula?" "Nimekula!" "Kuna baridi?" "Ipo!" Kuna maneno, mwanangu, hayasemeki kwa kupaza sauti.

Chumba chako kiko vilevile. Jana nimefuta vumbi kwenye lile godoro jipya, juu ya nailoni yake.

Mama yako


9 Februari

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima, kifua kimepoa, na kofia navaa nikikumbuka. Pole na mgongo. Bado unalalia lile godoro kuukuu lenye shimo katikati?

Hiyo kelele ni kipoozeo kimechoka. Fungua ubavu wa kasha utakiona: chuma chenye mapezimapezi na feni ndogo juu yake. Kinakalia prosesa, ambayo ndiyo ubongo wa kompyuta. Kazi yake ni kuinyonya joto na kulipeperusha. Sasa feni ikiwa ndogo, na mapezi yakijaa vumbi, inabidi ikimbie kama mwizi aliyeitiwa watu. Feni pana huzunguka taratibu, ikatoa upepo uleule, na wala huisikii. Kwa hiyo tunanunua pana.

Ila viko virefu vinavyosimama kama mnara, na viko vifupi vilivyolala. Virefu hupooza vizuri zaidi, lakini kasha lako ni jembamba. Chukua futi yako ya kushonea, upime kutoka pale prosesa ilipokaa hadi kwenye mfuniko. Niandikie pia jina lililochapwa kwenye mazabodi, ule ubao mkubwa wa ndani, nijue skrubu zitakubali.

La mkataba tutaliongea kukiwa kimya.

Mwanao, Kitinda


20 Februari

Kitinda wangu,

Marahaba, mwanangu. Sijambo, na natumaini barua hii inakukuta mzima.

Tumepima. Fundi Saa alishika tochi, mimi nikashika futi. Ni sentimita kumi na mbili, si zaidi. Vumbi tulilolitoa humo lingetosha kujaza mto. Kipimo hicho na jina la mazabodi, herufi kwa herufi, nilikuonyesha Jumapili kwenye kioo.

Dukani tulikwenda wote wawili, na hapo ndipo jirani yako alipotaka kunitia aibu. Akaking'ang'ania kipoozeo kirefu chenye taa zinazobadilika rangi kama ukumbi wa harusi. Nikamwambia, mimi nataka kumsikia mwanangu, sitaki kucheza. Nikasoma boksi: sentimita kumi na tano. Nikamuuliza mfuniko tutaufunga juu ya kichwa chake au vipi. Nimechukua kile kifupi ulichonitajia Jumapili kwa kuandika kwenye karatasi na kuniinulia. Feni yake ni pana kama sahani. Kipo mezani, ndani ya boksi lake.

La mkataba bado hujanijibu. Kukwepa swali umerithi kwa baba yako, Mungu amrehemu. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Hicho kimya unachokingoja wewe, mimi nakiogopa.

Mama yako


24 Februari

Mama,

Shikamoo. Mzima mimi. Kazi ni nyingi, maana mashine moja ya baridi imegoma na nyama haina subira.

Fuata hivi, usiruke kitu. Kwanza iwashe kompyuta ipate joto kidogo, ili ile pesti ya zamani, dawa ya kupitisha joto iliyopakwa kati ya kipoozeo na prosesa, ilainike, kisha izime na uchomoe waya ukutani. Gusa chuma cha kasha kabla ya kugusa ndani. Legeza kipoozeo cha zamani, ukizungushe polepole hadi kiachie. Usikivute kama unang'oa jino. Futa prosesa kwa kitambaa laini chenye spiriti mpaka ing'ae. Weka pesti mpya katikati, kiasi cha punje ya mbaazi. Kalisha kipoozeo kipya, kaza skrubu kwa mkingamo, kidogo hapa, kidogo kule, kisha chomeka waya wa feni palepale ulipokuwa ule wa zamani.

Wewe umeweza kufungua taipureta na kuirudisha. Hii ni ndogo.

Mwanao, Kitinda


22 Machi

Mama,

Shikamoo. Nimekuandikia mara mbili, hujajibu. Jumapili kinu bado kinanguruma, na lile boksi naliona mezani nyuma yako, halijafunguliwa hata kona. Ukiulizwa unaonyesha mgongo wako kwa kidole.

Niambie ukweli. Unaogopa skrubu, au unaniogopa mimi?

Kitinda


30 Machi

Mwanangu,

Nakuandikia kutoka dukani kwa Fundi Saa, kwenye kompyuta yake. Hapa kuna wateja watatu na wote wanajua kusoma, kwa hiyo sitasema mengi. Mimi sijambo.

Jana ulipoona kioo kimekatika, haukuwa mtandao. Kompyuta imezimika.

Kipoozeo nilikifunga Jumamosi. Kila ulichoandika nilikifuata, hata kukigusa kile chuma cha kasha kama mtu anayebisha hodi. Na jana nilipokupigia, mwanangu, sikuamini. Kulikuwa kimya. Nilikusikia unapumua. Nikasikia bomba la maji linadondoka huko kwako, nikataka kukwambia ulikaze. Ukaniita "Mama" kwa ile sauti yako ya chini, na miaka mitatu hii sikuwa nimeisikia. Ukasema, "Mama, kuhusu mkataba." Papo hapo kioo kikawa cheusi.

Nimejaribu tena na tena. Inawaka, inakaa kidogo, inazimika. Ukiigusa pembeni ina moto kama pasi.

Nikwambie kitu ambacho hakinipendezi? Ilipozimika, kwanza nilishukuru.

Mama yako


31 Machi

Mama yangu,

Shikamoo. Usiiwashe tena mpaka usome barua hii hadi mwisho.

Nimewaza usiku kucha, asubuhi nikacheka peke yangu kwenye basi. Chini ya kipoozeo, pale panapokalia prosesa, kulikuwa na karatasi nyembamba ya nailoni yenye maandishi mekundu. Uliibandua?

Najua hukuibandua. Nakujua. Rimoti ya televisheni ina nailoni tangu nipo shuleni. Kiti changu kina nailoni, jokofu lina nailoni mlangoni. Baba alikuwa akisema siku moja utamfunga na yeye. Mama, joto haliwezi kupita kwenye nailoni. Chuma ni lazima kigusane na prosesa, na katikati iwe pesti tu. Ukiweka kitu cha kukinga, prosesa inaungua pale ilipo na kipoozeo kinakaa juu yake kikiwa baridi, hakina habari. Kifungue, bandua, futa, weka pesti upya. Itapona.

Sasa la mkataba. Naliandika, maana nimeona hata kimya hakikunisaidia. Wanataka nibaki miaka miwili zaidi, niwe msimamizi wa mafundi. Karatasi wamenipa, ninayo mfukoni mwa koti. Sijaweka sahihi. Mwisho wa kujibu ni katikati ya Mei. Kila nikiongea nawe unaniambia usijali, piga kazi, mimi niko sawa. Basi nami naona kama huna haja nami huko, ila haja ya kunisikia niko salama.

Na ukimaliza ya kompyuta, libandue na lile godoro langu. Lilalie wewe. Linaoza bure na mgongo wako unauma.

Mwanao, Kitinda


27 Aprili

Mwanangu, kitinda mimba wangu,

Hujambo? Mimi sijui nikujibu nini ukiniuliza hali, kwa hiyo leo usiniulize.

Nisamehe kwa kimya cha Jumapili zote hizi. Kompyuta ilipona siku ileile niliyopata barua yako. Niliikuta ile nailoni, imesinyaa kama ngozi ya maziwa. Yale maandishi mekundu nilikuwa nimeyaona, nikadhani ni jina la kiwanda. Na hata ningejua yanasema nini, sidhani kama mkono wangu ungekubali. Kitu kipya nyumbani kwangu hakibanduliwi mpaka mwenyewe arudi. Sasa ni kimya kiasi kwamba nasikia saa za jirani zikigonga ng'ambo ya ukuta, na hakuna hata moja inayokubaliana na mwenzake. Nimemwambia fundi mwenyewe, amenuna.

Sikukupigia kwa sababu ya godoro. Nililisoma hilo neno lako, libandue, nikajua maana yake. Mtu anayerudi hamwambii mama yake alale kwenye godoro lake. Nikakaa na hilo neno karibu wiki nne, nikawa natembea nalo jikoni, sokoni, mpaka kwenye barua za wateja. Mama mmoja alitaka nimchapie barua ya madai kwa mpangaji wake, nikamwandikia "mpangaji mpendwa, u hali gani".

Jana nimelibandua. Lilitoa harufu ya duka, ileile ya siku tuliyolinunua, wewe ukiwa umeshabeba begi. Nimelilalia. Mgongo umenyooka, huo ni ukweli. Lakini nililia mpaka mto ukalowa, na huo nao ni ukweli.

Umenifundisha kwamba joto halipiti kwenye nailoni. Nimeelewa, tena vizuri kuliko ulivyokusudia. Hayo maneno yangu ya usijali, piga kazi, mimi niko sawa, yote yalikuwa nailoni. Niliyaweka ili usichakae kwa huruma. Basi nayo nayabandua. Siko sawa. Nakutamani, mwanangu. Nakutamani nikipika, nikiosha kikombe kimoja, nikisikia geti la jirani likilia nikadhani ni letu. Nataka uje ukae kwenye kiti hiki mpaka kichakae.

Sikuamrishi. Ukiweka sahihi sitakununia, na radhi zangu unazo zote. Ila usije ukasema mama hakukuomba. Nakuomba. Rudi nyumbani.

Mama yako


5 Mei

Mama,

Shikamoo.

Barua yako nimeisomea ndani ya chumba cha baridi, mlango umefungwa. Msimamizi akaniita mara mbili sikuitika, akadhani nimeganda. Nilipotoka aliniuliza machozi ni ya nini, nikamwambia ni barafu.

Ile karatasi nimewarudishia leo. Haina sahihi.

Godoro hilo endelea kulilalia, ni lako, silitaki tena. Lakini lile la zamani usilitupe, wala usimpe Fundi Saa hata akiliomba kwa machozi. Lile shimo nalijua vizuri. Nilianza kulichimba mimi, nilipokuwa nalala ubavuni kwako. Litandike chumbani kwangu.

Nitalilalia mimi kuanzia Juni.

Mwanao, Kitinda