Misimu Saba kwa Jina la Mtu Mwingine

Baba,

Nina hasira na wewe. Najua siyo namna ya kumwandikia aliyetangulia mbele ya haki, na nimekuombea dua leo kama kila siku, lakini hasira haitoki. Mama yuko edani, sitaki kumzidishia. Ami Saleh, ndugu yako, anasema mtoto wa kike akimaliza skuli ashukuru, anyamaze. Kunyamaza naweza, unanijua.

Wiki iliyopita timu yako ya besiboli ilifanya karamu ya kufunga msimu, mkahawani, mtaa wa Sulimaniyah. Mama hawezi kutoka, nikaenda na Ami. Ukutani zimebandikwa picha za wachezaji, wahandisi wote wa kampuni yenu, kila mmoja na jina lake. Yako iko peke yake karibu na mlango, umesimama kando ya basi. Chini wameandika: "Dereva wetu mpendwa."

Dereva. Misimu saba, mrushaji wao akishachoka, wewe ndiye uliyeingizwa mwishoni kuulinda ushindi. Mimi nilikuwa dirishani mwa basi, nawahesabu uliowatoa.

Mkono ule uliupata uani kwa Bibi, Jeddah, ukicheza nage na shangazi zako, wanawake wa Kiunguja wasiomhurumia mtu. Ndiyo maana siku ya kwanza ulimlenga mwenye rungu, ukampiga mbavuni, ukanyanyua mikono ukidhani umemtoa. Kwenye nage angetoka. Kwenye besiboli akapewa kituo cha kwanza bure. Ulipotusimulia nyumbani, Mama alikwambia, "Baba Zuhura, wenzako wanarusha mpira upite, wewe unatafuta kulipishwa diya ya roho ya mtu." Ulicheka mpaka ukakaa chini.

Basi nikamfuata kapteni wao. Nilimuuliza kwa nini hukuwekwa pamoja na wachezaji. Hakunifokea, Baba, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Aliniita pembeni, akasema ligi yao ni ya wahandisi peke yao, na ikama yako, kibali chako cha kuishi huku, imeandikwa dereva. Kwa hiyo miaka yote walikuandikisha kwa jina la mhandisi mmoja aliyekwisha kurudi kwao. Nikamwambia hukujua. Akasema ulijua tangu mwanzo, na ulimjibu, "Mafi mushkila, hakuna tabu, jina la karatasini tu."

Jina la karatasini tu? Wewe uliyenirudisha skuli na fomu yangu kwa sababu mwalimu aliliacha jina la babu? Mtu yuko kwao, pengine hata hakumbuki, na kila ulichorusha kimeandikwa chake. Nawe ukirudi nyumbani Malaz unachekacheka, bega umelifunga barafu, tunadhani umechezea jina lako.

Kapteni alitoa medali isiyochongwa kitu, akasema ni ya Mama, ila nisiiambie ligi, maana vikombe vyote vitachukuliwa. Ami akaipokea, akasema halas, yalla, twende. Nikaitoa mkononi mwake, nikairudisha mezani. Mpaka leo Ami hasemi na mimi.

Jana niliwaandikia wasimamizi wa ligi barua, nikaeleza yote. Nilimsomea Mama kwanza. Aliivuta tasbihi mpaka ikaisha, kisha akasema, "Na jina lako liandike kamili. Wasije wakasema imetoka kwa mtu asiyejulikana."

Najua nimefanya nini. Mmoja wa wale wahandisi alilibeba jeneza lako huku analia, na yeye pia ataporwa vikombe vyake. Namwonea huruma. Wengine siwaonei.

Wakikaa kimya, nitakwenda ofisini kwao niseme kwa mdomo wangu, hata sauti ikikatika. Nakuahidi. Kukusamehe pia nakuahidi, lakini siyo leo. Pumzika, Baba. Waufute ushindi wote wakitaka. Ili waufute, lazima kwanza waandike kwamba aliyerusha ni wewe.

Mwanao,
Zuhura